Ticha wa Field, Chaki za Rangi na Mlima Usio na Theluji: Historia ya Kipindi cha Mchoro Chuga

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali Arusha, iwe Ngarenaro, Kijenge, Sakina au kule juu Ilboru, kuna mtu mmoja ambaye jina lake limeshakutoka kichwani lakini sura yake bado ipo. Alikuja katikati ya muhula. Alikuwa mdogo kuliko walimu wote, viatu vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa, mkononi ana daftari kubwa limefunikwa kwa karatasi ya kaki. Akakaa wiki kadhaa, mkamzoea, akaondoka. Mlimwita ticha wa field.

Na kama ulibahatika, yeye ndiye aliyekufundisha kuchora.

Chuga inajulikana kwa mambo mengi: hip hop, watalii, baridi ya Julai, machalii wanaovaa makoti saa sita mchana. Walimu wa mazoezi hawamo kwenye hiyo orodha. Hakuna mtaa wenye jina lao wala picha yao ukutani. Lakini ukifuatilia jinsi mchoro ulivyofundishwa kwenye shule za mjini na za vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, unakuta mara nyingi kipindi hicho kimebebwa na watu waliokuwa bado wanajifunza kufundisha. Mwalimu wa kudumu alikuwa na Hisabati na mtihani wa darasa la saba wa kumkosesha usingizi, na mchoro haukuwa somo linalojitegemea kwenye huo mtihani. Kwa hiyo kijana akifika kutoka chuoni na barua yake, mwalimu wa taaluma anaangalia ratiba na kumpa vile vipindi ambavyo hakuna mtu anavigombania.

Mlima wa kwenye daftari

Fanya jaribio dogo. Mpe dogo yeyote wa mjini karatasi na penseli, mwambie achore mlima. Mara nyingi utapata pembetatu mbili, jua linachungulia katikati, theluji juu kama kofia, nyumba ya nyasi chini na mnazi pembeni. Ndege wamechorwa kama alama ya vema.

Sasa toka nje uangalie. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500 na hauna barafu ya kudumu. Theluji ikidondoka kileleni haikai sana. Chini yake kuna migomba na kahawa. Mnazi utautafuta mpaka uchoke. Halafu umbo lenyewe linategemea umesimama wapi. Ukiwa mjini unauona umechongoka juu, umenyooka vizuri. Panda daladala uelekee Usa River, kisha uzunguke upande wa Momela, utagundua kwamba mlima umemeguka. Ubavu mzima wa mashariki ulishaporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha shimo kubwa lililo wazi upande mmoja. Ndani yake kuna kilima kidogo cha majivu, na mlima huu ulilipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910.

Maana yake mtoto wa Sanawari na mtoto wa Ngongongare wakichora wanachokiona, watachora milima miwili tofauti. Lakini wote wanachora ule wa kwenye daftari, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa: mwalimu anachora ubaoni, darasa linanakili, anayefanana zaidi na ubao anapata vema. Mtoto hachori mlima, anachora picha ya picha.

Swali la kama mtoto anakili au atazame lina umri mrefu Afrika Mashariki. Limepita Kampala, London na Dar es Salaam kabla ya kufika kwenye darasa la watoto 80 pale Unga Limited.

Kutoka Machame mpaka New York

Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwalimu Mwingereza aitwaye Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda. Njia yake ilikuwa ngeni kwa wakati huo. Badala ya kuweka picha ya Ulaya mbele ya wanafunzi ili wainakili, aliwasimulia tukio kwa maneno: soko, harusi, watu wanarudi shambani mvua ikinyesha. Halafu kila mmoja akachora alivyoliona kichwani mwake. Mtu anaweza kumpinga Trowell kwa mengi, maana naye alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni na alikuwa na mawazo yake kuhusu nini ni cha Kiafrika na nini si cha Kiafrika. Ila hilo la kuanza na kumbukumbu ya mtoto mwenyewe lilishika.

Mmoja wa waliopita mikononi mwake alitoka jirani tu na Meru. Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akaenda Slade, London, akarudi kuwa mwalimu wa sanaa Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru aliiwakilisha nchi kule London, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Picha zake karibu zote zinarudi nyumbani: migomba, vibanda, watu wanafanya kazi pamoja mlimani. Moja aliyoichora mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 ikaingia kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, lile maarufu la MoMA.

Fikiria hiyo safari. Pombe ya ndizi, ambayo dogo wa Meru anaiona kila kukiwa na sherehe, imefika New York. Na dogo huyohuyo darasani anachora mnazi asiowahi kuuona.

Ntiro ana jina na tarehe. Vijana waliokuja kufundisha mchoro kwenye shule za miteremko ya Meru baada yake hawana. Lakini kazi waliyoachiwa ni ileile, kumfanya mtoto aamini kwamba kinachoonekana kwenye dirisha la darasa lake kinatosha kuwa picha.

Maazimio mawili

Kila mwalimu wa mazoezi analijua neno "azimio" kabla hajagusa chaki. Azimio la kazi ni ile karatasi yenye safu nyingi inayoonyesha wiki hii utafundisha nini, kwa zana gani, na mwishoni utaandika maoni. Bila azimio la kazi na andalio la somo, mkufunzi akija kukukagua huna pa kujificha.

Arusha ina azimio lingine. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na leo pale Kaloleni kuna makumbusho yake. Mwezi uliofuata, Machi 1967, Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule za kikoloni zilimtenga mtoto na jamii yake, zikamfundisha kudharau wazee wasiosoma, na zikafanya maarifa ya vitabuni yaonekane ndiyo maarifa pekee. Alitaka shule iwe na mikono pia.

Kwa mwalimu wa sanaa hiyo ilikuwa habari njema, angalau kwenye karatasi. Kusuka, kufinyanga, kuchonga na kutunga shanga, vitu ambavyo watu nyumbani wanavifanya bila cheti, sasa vilikuwa na hoja ya kuingia darasani. Kiuhalisia, shule nyingi zilipotafsiri "kazi" zilipata jembe. Shamba la shule likakua, mchoro ukabaki pembeni. Kijana wa mazoezi wa miaka ya 1970 aliyependa kuchora alikuwa na namna yake ya kupenya: ukuta. Ramani ya Tanzania nje ya darasa, mwenge, mchoro wa mfumo wa chakula, maneno ya hamasa kwa herufi kubwa. Nenda leo kwenye shule yoyote ya zamani, angalia kuta zake. Rangi imepauka, na aliyepaka hakuweka sahihi.

Halafu ikaja UPE. Novemba 1974 kule Musoma chama kiliamua kwamba kila mtoto aanze shule mapema kuliko ilivyopangwa, lengo likawa mwaka 1977. Watoto walifurika na walimu hawakutosha. Suluhisho likawa kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwaingiza darasani moja kwa moja, huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, redio na semina. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo. Kwao field haikuwa na mwisho, kila siku ilikuwa mazoezi.

Walimu wa UPE wamechekwa sana, na jina lenyewe likageuka utani. Lakini jiulize nani angekaa na wale watoto kama si wao. Mwalimu wa miaka 17 au 18, darasa limejaa, karatasi hakuna, vitabu vya kugombania. Kwenye mazingira hayo mchoro ulihamia pale ambapo hauhitaji bajeti: kidole kwenye vumbi, kijiti kwenye udongo, mkaa kwenye jiwe. Na udongo mweusi wa Meru, kwa kuchora, ni ubao mzuri kuliko ubao wenyewe.

"Itauzika, ticha?"

Wakati shule inalima, mtaani kulikuwa na darasa lingine. Mwaka 1968 hivi, kule Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka wanyama kwenye vipande vya hardboard kwa rangi ya baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wakimdhania mhalifu. Kazi haikufa kwa sababu alikuwa ameshawakalisha vijana wa ukoo wake pembeni yake. Wewe jaza rangi ya nyuma, wewe weka madoa ya chui, kesho utachora mwenyewe. Ukiliangalia vizuri, hilo nalo ni mafunzo kwa vitendo. Hakuna andalio la somo, ila mwanafunzi yuko bega kwa bega na fundi, anakosea, anarekebishwa hapohapo.

Mtindo huo ulifika Arusha na watalii wa Serengeti na Ngorongoro. Leo ukipita Mnara wa Saa au Soko la Maasai unaona twiga, tembo, mbuyu na jua jekundu linazama, picha mia zinazofanana kama mapacha. Zinalisha familia. Zimelipa ada za watu wengi.

Ndiyo maana mwalimu wa mazoezi anayewaambia watoto wa Arusha "chora unachokiona" anaweza kukutana na swali ambalo chuoni hakulifundishwa. Dogo mmoja, kaka yake anauza picha mjini, ananyoosha mkono: "Itauzika, ticha?"

Ni swali la haki. Mtalii hajasafiri saa kumi angani kuja kununua picha ya kibanda cha M-Pesa na bajaji zimepanga foleni Kilombero. Anataka twiga. Ticha akijibu kwamba sanaa siyo hela, dogo atamcheka kimoyomoyo, maana nyumbani hela ya sanaa ndiyo ugali. Akikubali kwamba basi wote wachore twiga, kipindi kimekwisha, warudi kunakili. Jibu bora linapatikana kwa mafundi wenyewe. Fundi mzuri wa sokoni alimwangalia twiga kweli kabla ya kumfupisha kuwa mistari mitano. Anayenakili twiga wa jirani hajui shingo inaunganika wapi, na mteja mwenye macho anaona. Kujua kutazama kunauzika pia, ila kunachelewa.

Dakika arobaini

Watu wa nje wanadhani kipindi cha mchoro ni mapumziko. Aliyewahi kukifundisha akiwa anakaguliwa anajua ukweli.

Chukulia ni binti wa miaka 21 kutoka Butimba, Mwanza, chuo ambacho kwa muda mrefu kimejulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Amepangiwa shule ya pembezoni mwa jiji. Nauli na chakula ni juu yake. Usiku amekata maboksi ya sabuni, amekusanya vizibo vya soda na mifuko ya saruji ambayo upande wa ndani ni msafi na unachoreka vizuri. Gundi ameipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Hizo ndizo zana zake.

Darasa lina watoto 70 na ushee. Penseli zenye ncha ni chache, wembe wa kuchongea ni mmoja na ameufunga mfukoni kwa usalama. Kipindi ni dakika 40. Dakika kumi zinaliwa na kugawa karatasi. Nyuma kabisa, kwenye dawati ambalo mguu mmoja umeegeshwa jiwe, amekaa mkufunzi na fomu yake.

Hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Njia salama ipo: chora chungu ubaoni, waambie wachore chungu, tembea kati ya madawati, sahihisha, funga somo. Darasa litakuwa kimya na fomu itajaa alama nzuri. Njia ya pili ni kuwatoa nje wautazame mlima. Watasukumana. Wawili watakimbilia kwenye maembe. Mawingu yanaweza kuja saa nne hiyohiyo na kuufunika mlima wote, maana Meru haina taarifa. Na kwenye fomu kuna kipengele kinachouliza kuhusu udhibiti wa darasa.

Wengi huchagua chungu, na hakuna wa kuwalaumu. Alama ndizo zinazoamua cheti, na cheti ndicho kinachosubiriwa nyumbani. Lakini katika kila kundi hutokea mmoja anayewatoa nje. Anarudi na michoro 70 ambayo haifanani. Mmoja kachora mlima umekatika, mwingine kachora wingu tu kwa sababu ndilo alilokuta, mwingine kachora mgongo wa mwenzake aliyesimama mbele yake akimziba. Kwa kipimo cha kunakili, wote wamefeli. Kwa kipimo cha kutazama, yule wa mgongo kafaulu kuliko wote.

Patandi: kuchora bila macho

Njia ya Moshi, pale Tengeru, kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachojulikana nchi nzima kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Wanachuo wa hapo huandaliwa kufundisha watoto wasioona, viziwi, na wenye ulemavu wa akili.

Weka kipindi cha mchoro kwenye darasa lenye mtoto asiyeona, halafu uone kila ulichojifunza kinavyogoma. "Angalia" haina kazi tena. Mwalimu inabidi atafute njia nyingine: uzi ulionatishwa kwa gundi kwenye karatasi ngumu ili mstari uguswe, udongo wa mfinyanzi badala ya penseli, mchanga na maharage kutofautisha sehemu moja na nyingine. Mlima unakuwa kitu cha kupandwa na vidole. Mtoto anaugusa ule ubavu uliomeguka na kuuliza kwa nini hapa pamekatika, swali ambalo wenye macho mazima hawakuuliza, kwa sababu wao walishaamua mlima ni pembetatu.

Kwa mtoto kiziwi mambo yanageuka. Kama darasa zima linategemea maneno ya mwalimu, yeye yuko nje siku nzima. Kwenye mchoro anaweza kuwa wa kwanza. Mwalimu wa mazoezi aliyeshuhudia hilo mara moja hawezi tena kukiita kipindi hicho cha kupoteza muda.

Vodafasta na mtaala mpya

Miaka ya 2000 ilileta wimbi lingine linalofanana na UPE. Mpango wa MMEM ulianza 2002, watoto wakaandikishwa kwa wingi, na walimu wa daraja la A wakawa wanakaa chuoni mwaka mmoja, wa pili wanautumia shuleni. Sekondari za kata zilipofumuka, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kuingizwa darasani. Mtaani wakaitwa vodafasta, kama ile huduma ya kuongeza salio chap chap. Kwenye shule za msingi, mchoro ulimezwa na somo la Stadi za Kazi, pamoja na upishi, ushonaji na muziki. Somo moja, mwalimu mmoja, vitu kumi.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelirudisha neno lenyewe kwenye ratiba. Sasa shule ya msingi ina somo la Sanaa na Michezo. Kwenye karatasi ni ushindi, kama ilivyokuwa 1967. Lakini historia ya Arusha inauliza swali lilelile: kengele ikilia, nani anaingia darasani? Kama somo halina mwalimu aliyeandaliwa, litarudi kwa kijana wa field. Na kijana huyo akiondoka baada ya wiki zake, kipindi kitachukuliwa na Hisabati mpaka mwingine aje.

Hilo ndilo tatizo halisi la kuacha somo libebwe na wapita njia. Wanakuja na moto na muda wao ni mfupi. Mtoto anayeanza kuelewa kivuli kinakaa upande gani anaachwa hapohapo.

Siku ya kuaga

Kila aliyesoma anaikumbuka siku yenyewe. Ticha wa field anasimama mbele, anashukuru, anasema mumheshimu mwalimu wenu. Kuna wanaolia. Kuna anayempa embe. Anaondoka na bahasha kubwa ya michoro ambayo chuoni hakuna atakayeiomba, maana wao wanataka fomu zilizojazwa. Hakuna hata mmoja kati ya wale watoto atakayejua kama alipata kazi, alihamia Katavi au aliacha ualimu akafungua duka.

Kilichobaki ni kidogo na hakipimwi na mtihani. Mtu mzima leo yuko kwenye foleni ya daladala Kilombero, asubuhi imefunguka, anainua macho na kugundua kwamba mlima una rangi tano kabla jua halijapanda. Hakumbuki nani alimfundisha kuzihesabu.